Msumari wa Kikombe cha Duane

Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo naupindua msemo huo mchana kweupe. Mgeni mpe jembe siku ya kwanza, kabla hata hajavua koti. Kuna watu tuliowafanya wageni maisha yao yote, na siku ya tatu yao haikufika. Mwanamke aliyeichoka adabu hiyo tulimzika Jumanne, kwenye makaburi ya Kilutheri kule mlimani.

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko zizini unakamua, waache ng'ombe nao wasikilize. LaVonne Tessmer aliwajua wengi wao kwa majina.

LaVonne Tessmer. Amefariki akiwa na miaka themanini na mmoja. Ndiye mtu wa kwanza katika wilaya yetu kukubaliwa na serikali ya jimbo kutoa huduma ya kuwatafutia watu wenye ulemavu kazi halisi, na kuwasaidia wadumu nayo. Kazi halisi, nasema. Kazi yenye bosi, yenye wenzako wanaokutania, yenye lawama ukichelewa.

Kabla ya hapo alikuwa msimamizi katika karakana ya watu wenye ulemavu. Mnalikumbuka lile jengo la matofali nyuma ya ghala la nafaka, pale wanapouza matairi siku hizi. Kila asubuhi basi liliwashusha watu mlangoni, na kila jioni likawazoa. Kazi yao ilikuwa kutia uma za plastiki kwenye mifuko midogo. Uma, kisu, kitambaa cha karatasi. Uma, kisu, kitambaa cha karatasi. Wakubwa walisema hawa wanaandaliwa kwa kazi ya nje. Duane Prochnow aliandaliwa miaka saba. Daktari wa meno haandaliwi muda huo!

Duane. Lishikeni jina hilo. Mwaka 1986 alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mabega mapana, na ulemavu wa akili aliozaliwa nao. Ulimi wake mzito. Kati ya neno lake na neno linalofuata unaweza kwenda kuongeza kuni kwenye jiko ukarudi.

Sasa, ile karakana ilikuwa na jambo lake. Uma zikiwa chache, watu hukosa kazi Jumatatu. Kwa hiyo Ijumaa jioni, basi likishaondoka, LaVonne aliagizwa kuifungua ile mifuko, azimwage uma sandukuni, visu sandukuni, vitambaa sandukuni. Jumatatu waanze upya. Alifanya hivyo Ijumaa nyingi. Ijumaa moja Duane alisahau glavu yake, dereva akamrudisha. Akamkuta LaVonne amepiga magoti sakafuni, anamwaga.

Duane alisimama. Akatafuta neno. Akalipata.

“Hizo... ni zangu.”

Akachukua glavu, akaenda zake.

Binti yake LaVonne anaitwa Joleen. Alikuwa msichana wa shule wakati huo. Amenisimulia jioni ile ilivyokuwa nyumbani kwao.

“Mama aliingia, akatundika koti, akasema, ‘Nimeacha kazi.’ Baba alikuwa anakula viazi. Akamwuliza, ‘Umeacha, au umefukuzwa?’ Mama akasema, ‘Nimeacha. Nipe chumvi.’ Basi. Ndiyo sherehe yote tuliyofanya.”

Mwaka ule neno lilikuwa limeanza kusikika kwamba inawezekana kufanya kinyume. Usimwandae mtu miaka saba ndipo umtafutie kazi. Mtafutie kazi kwanza, kisha umfundishe akiwa pale pale kazini. LaVonne akaenda Madison, makao makuu ya jimbo, kuhudhuria mafunzo. Akarudi, akaomba kibali cha kutoa huduma hiyo. Ofisi ya jimbo ikamtuma bwana mmoja aliyevaa tai.

“Ofisi yako iko wapi, mama?”

LaVonne akamwonyesha gari lake. Kiti cha nyuma kilijaa buti za mpira.

Yule bwana hakucheka, wala hakumkatalia. Alimpa sharti moja. Mlete mtu mmoja. Aajiriwe. Adumu miezi mitatu. Na adumu kwa miguu yake, si kwa miguu yako. Ndipo tutakuita mtoa huduma.

LaVonne akamchagua Duane. Nadhani mnajua kwa nini.

Akaenda kiwanda cha jibini, kile cha kona ya njia ya mtoni. Msimamizi wa zamu alikuwa Bwana Kubiak.

“LaVonne, mimi natengeneza jibini. Silei watoto.”

“Duane ana ndevu kuliko wewe. Nipe wiki mbili nioshe makasha yenu bure. Nikiijua kazi, nitamleta.”

“Bure?”

“Umesikia.”

Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa, wasikilizaji. Kwanza unaijua wewe kwa mikono yako. LaVonne aliosha yale makasha ya chuma ya kubania jibini mpaka vidole vikapasuka. Akaikata kazi vipande vidogo vidogo. Akazungushia utepe mwekundu kwenye bomba la maji ya moto, lijulikane kwa macho. Kisha akamleta Duane, akasimama ubavuni pake.

Mama yake Duane aliitwa Bi Eunice. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku ile alimfuata LaVonne hadi kwenye gari.

“Kiti chake cha karakana wameshampa mtu mwingine. Unalijua hilo?”

“Nalijua, Eunice.”

“Wakimrudisha nyumbani, tutakaa mimi na yeye tukitazamana mpaka mmoja wetu afe. Sijui atatangulia nani. Sijui lipi ni baya zaidi.”

LaVonne akaingia, akafunga mlango. Akawasha gari, akarudi nyuma, akagonga sanduku la barua la Bi Eunice.

Mambo yalikwenda vizuri. Yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo LaVonne alipokosea, kosa la watu wa kazi yake. Alikaa karibu kupita kiasi. Makasha yakirundikana, mkono wake uliruka kusaidia. Saa ya mapumziko alifungua chupa yake ya kahawa, akatoa vikombe viwili mkobani, kimoja chake, kimoja cha Duane. Wakakaa wawili pembeni, kama watu waliokuja kusubiri treni.

Mle kiwandani kila mfanyakazi alikuwa na kikombe chake, na kila kikombe msumari wake ukutani. Duane hakuwa na msumari. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyewaza. Si ana kahawa yake kwa LaVonne?

Palikuwa na mzee mmoja, Orville, mwenye ulimi mkali kuliko siki. Siku moja alisema, Duane akiwa amesimama hapo hapo:

“LaVonne, hebu mwulize kijana wako kama anaona baridi.”

Na wiki ile ile Bwana Kubiak akamwita kando.

“Nimeridhika. Nataka kuajiri.”

“Duane atafurahi.”

“Nani amemtaja Duane? Nakutaka wewe. Unaosha vizuri sana!”

Joleen anasema mama yake alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Akaenda kwa Bi Eunice, akamwambia, kesho siingii naye kiwandani.

“Unamtupa,” Bi Eunice akasema.

“Simtupi. Najitoa mbele yake.”

“Yakiharibika?”

“Yakiharibika, uje unitukane mlangoni kwangu, watoto wangu wasikie.”

Kesho yake. Januari. Baridi ya kugandisha kope. LaVonne akamshusha Duane langoni, akazunguka, akaegesha gari upande wa pili wa uwanja, nyuma ya lori la maziwa, mahali anapoliona dirisha la chumba cha kuoshea. Akazima injini asisikike. Chupa ya kahawa mapajani.

Kengele ya mapumziko ikalia. Yaliyotokea ndani yalisimuliwa na Orville mwenyewe, kwenye meza ya samaki wa Ijumaa, pale mji mzima unapokula pamoja, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipofariki. Duane alikwenda ukutani. Akavitazama vikombe vya watu. Akaangalia mikono yake.

“Umepoteza nini, bwana?” Orville akamwuliza. Mara ya kwanza kumwuliza yeye mwenyewe.

“Kikombe.”

“Kiko wapi?”

“Kwa... LaVonne.”

“LaVonne mwenyewe yuko wapi?”

“Hayupo.”

“Basi leo umekuwa maskini kama sisi. Shika hiki cha Herb. Herb amestaafu, yuko Florida anababuka na jua. Ukikivunja utakunywa kwa buti!”

Duane akacheka. Orville alisimulia kwamba alicheka mpaka Kubiak akachungulia kujua kuna nini. Orville akachukua msumari, akaugongelea kwa spana, ukapinda. Mpaka leo umepinda. Nendeni mkauone.

LaVonne naye? Hadithi yake ya kila siku ilikuwa hii. Alikaa garini, akaona mambo ni shwari, miguu ikafa ganzi, akawasha gari akaenda. Na kila aliyekuja kujifunza kazi hii kwake, LaVonne alimwambia maneno yale yale: “Wewe ni msindikizaji. Kusindikiza si kuhamia. Jua pa kugeukia.”

Miezi mitatu ikapita. Duane hakurudishwa nyumbani. Kibali kikatoka, na LaVonne Tessmer akawa mtoa huduma kwa sheria na kwa haki. Waliofuata mnawajua, maana mmekutana nao. Mpishi wa shule yenu. Yule dada wa maktaba aliyekukemea kwa kuongea. Fundi wa kufua mashuka hospitalini. Ile karakana haikufungwa kwa kelele. Viti viliisha watu kimoja kimoja, mpaka basi likakosa wa kumleta.

Mimi nilizaliwa Duane tayari ni mkongwe pale. Ijumaa asubuhi bibi alinituma jibini mbichi, ile inayolia kati ya meno. Duane alisimama kwenye duka la kiwandani, kofia ya wavu kichwani. Alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili, akasema, “Bado... joto.” Nilikuwa na haraka ya shule. Nilisubiri hata hivyo. Kila mtoto wa mji huu alijifunza kusubiri pale. Leo watoto wananunua jibini baridi dukani, kwenye plastiki, na hakuna wa kuwasubirisha. Nawahurumia.

Duane amestaafu. Na leo yuko hapa studio, amevaa shati la mazishi, na Joleen ameketi kando yake. Duane, karibu. Kipaza sauti ni chako.

“LaVonne... alikuwa... dereva mbaya.”

Tunalijua hilo, Duane.

“Aligonga... sanduku la mama. Mara mbili.”

Na ile siku ya kikombe? Unapenda kuisema?

“Ile siku... nilimwona.”

Ulimwona nani?

“LaVonne. Amejificha. Lakini gari... la kijani. Na theluji... nyeupe.”

“Duane!” Huyo ni Joleen, wasikilizaji.

“Nikaenda dirishani. Nikampungia. Nenda... nyumbani. Akatikisa kichwa. Hataki. Nikampungia tena. Hataki.”

Ukafanyaje?

“Nikashusha... pazia.”

Joleen anacheka na kulia, sijui kipi kimetangulia. Joleen, mama yako hakuwahi kusema?

“Hakuwahi! Miaka yote ametuambia ni miguu! Miguu, miguu! Kumbe alifukuzwa!”

“Sikumfukuza,” anasema Duane. “Nilikuwa... kazini.”

Wasikilizaji wapendwa, sina la kuongeza juu ya hapo.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Joleen, kwa wajukuu, na kwa ukoo wote wa Tessmer. Pole kwa wote aliowasindikiza. Bi Eunice alitangulia zamani, na alikufa akijua mwanawe yuko kazini. Mungu ampumzishe LaVonne mahali pasipo masanduku ya barua.

Nanyi mnaonisikiliza, jioni ya leo jiulizeni. Mahali unapofanya kazi, ukuta wenu una misumari mingapi? Ni nani anayeingia na kutoka na hana wake? Na wewe uliyesimama karibu sana na mtu unayempenda, umemwuliza kama anataka ushushe mkono?

Neno la mwisho. Taa za simu hapa mezani zimekuwa zikiwaka tangu Duane alipoanza kuzungumza. Wengine mnauliza kama redio zenu zimeharibika. Hazijaharibika. Kimya mlichokisikia ni Duane akitafuta neno lake. Juzi nilishauriwa na wakubwa wangu nimrekodi Duane mapema, nikate vituo vyake vya kimya, au nimmalizie sentensi ili kipindi kisipoe. Sikumrekodi. Sikukata. Sikummalizia. Mnaotaka niombe radhi, kateni simu mkale chakula chenu. Siombi.