Miwani Mezani

Sogeeni, wanangu, mniketie karibu, maana sauti yangu sasa haivuki hata shuka hili. Tangu juzi naota ndoto ile ile: natembea peku juu ya paa la kiwanda chetu cha sabuni, paa limejaa paneli za sola ukingo hadi ukingo, zina joto kidogo, na chini yangu jenereta limenyamaza hata nawasikia wafungaji wa sabuni wakisimuliana habari za harusi. Nikiamka nalikuta linanguruma humu kifuani mwangu.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake. Hisa zangu gawaneni sawasawa, wa kike kwa wa kiume, asiongezewe mtu kwa sababu ya ndevu. Lakini kiti changu cha bodi si urithi, na hili, kifungua mimba wangu, najua litakuuma, ndiyo maana nakwambia mwenyewe.

Bodi ile niliijaza kwa mkono wangu: shemeji zangu wawili, marafiki watatu niliosoma nao, na anayetuuzia dizeli. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini madole gumba sita nayo hayaokoti sindano. Hawakusoma makabrasha, walinisoma mimi. Nikivua miwani nikaiweka mezani, walijua mzee hataki, na mikono ya kukataa ilipanda kabla sijamaliza kuuliza. Nilifurahia sana mchezo huo.

Ndipo akaja yule mhandisi, binti wa fundi wetu wa boila, na mchoro wa paneli za sola kwa paa alilolipima mwenyewe. Akasema baba yake amekohoa miaka kumi na minane kwa moshi wa jenereta letu, na bado anaona fahari kutufanyia kazi. Wanangu, machozi yalinitoka. Nikavua miwani niyafute. Nilipoivaa tena, mikono sita ilikuwa juu, na binti anakunja mchoro wake.

Neno moja langu lingetosha. Niliona haya kulia mbele ya mashemeji, nikanyamaza. Fundi tulimzika mwaka uliofuata, na binti yake akanipa mkono wa ahsante makaburini.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila mtungi tunao. Kiti changu mpeni binti huyo. Hisa zenu zikipiga kura pamoja zinatosha kumweka. Mkitengana, muuza dizeli atawashinda. Huyo mshukuruni kwa heshima, aondoke. Kwenye kiti chake tafuteni mtu wa mbali, asiyejua hata sura yangu. Nawe, kifungua mimba, usininunie. Kaa kando ya binti, na akikosea mwambie kwa mdomo, si kwa uso.

Mungu awape vifua vyepesi na ndimi zisizoogopa. Mpendane... mama yenu msimwache peke yake jioni.

Kitinda mimba, nivue miwani. Taratibu. Mbona mnatazamana? Leo sikatai kitu, wanangu. Nataka... nirudi kule juu ya paa.