Rafu ya Bi Nélida Isiguswe

"Kuna vitabu hamsini ambavyo kila mtu mwenye akili lazima avisome, na maktaba isiyoviweka mbele ni ghala la karatasi." Maneno hayo ni ya Bwana Anselmo Ledesma, mwenyekiti wa kamati yetu. Yamebandikwa mlangoni tangu Jumatatu, pamoja na orodha ya vitabu vyenyewe. Chini yake kuna amri: rafu iliyo karibu na mlango iondolewe mara tu Bi Nélida Brizuela akishastaafu, ili hao Hamsini wapate pa kukaa.

Ghala la karatasi! Basi tumtaje mtunza ghala. Bi Nélida anastaafu tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne katika maktaba hii ya wanachama, mjini kwetu Santa Eduviges. Aliajiriwa kufuta vumbi na kugonga mihuri. Mwezi wa pili alikuwa tayari anagombana na katibu wa kamati, kwa sababu maktaba ilifungwa saa za usingizi wa mchana, wakati ambapo watu wa zamu ya alfajiri ndiyo kwanza wanatoka kiwanda cha sukari.

"Mji mzima umelala saa hizo, binti," katibu alimwambia.

"Basi wasiolala ndio wangu. Nipe ufunguo."

Ufunguo huo hajaurudisha mpaka leo.

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba lazima asome kitabu fulani. Aliyerudisha kitabu bila kukimaliza alipewa kikaratasi aandike ameishia ukurasa gani, na kwa nini. Kikaratasi kilibandikwa ndani ya jalada, kitabu kikapanda kwenye rafu ya mlangoni, aliyoiandika kwa rangi nyekundu: VILIVYOWASHINDA WENZAKO.

Mkata miwa mmoja aliandika: "Ukurasa wa 88. Mwandishi huyu hajawahi kushika panga." Msimu ule wakata miwa kumi na wanne walikiazima kitabu hicho ili wahakikishe. Tisa walikimaliza, na wawili hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya panga hilo. Nionyesheni orodha iliyowahi kufanya hivyo.

Bi Ofelia Sarapura, muuza empanada, zile sambusa za kuoka, alikuja siku moja kaukunja uso. "Chukua kitabu chako, Nélida. Mwongo huyu! Eti mama anamzika mwanawe asubuhi, jioni anakula."

"Andika hivyo hivyo."

"Kwa mwandiko huu wangu? Watanicheka."

"Watakaocheka nitawadai faini."

Aliandika. Miezi sita baadaye, chini ya maneno yake, palikuwa na mwandiko mwingine, hauna jina: "Mimi nilikula. Hata sahani niliilamba. Kitabu nimemaliza." Bi Ofelia aliusoma akiwa amesimama palepale mlangoni, akafunga kitabu, akakiazima tena. Safari hii alikifikisha mwisho.

Hayo ndiyo makaratasi yanayotakiwa kutupwa.

Nina hasira, na sitaomba radhi kwa kuileta kwenye kijarida cha kuagana. Maana nimeipekua rafu. Kitabu cha tatu katika orodha ya Hamsini kimo, na ndani ya jalada lake imeandikwa: "Anselmo L., miaka 16. Ukurasa wa 12. Sielewi kitu na naona aibu." Siku ile mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili. Nilimwona alivyokisukuma kitabu kwa vidole, kichwa chini. Bi Nélida hakucheka. "Kumi na mbili ni mbali, mwanangu. Mpwa wa padri aliishia tatu." Akampa kijitabu cha kufuga njiwa. Anselmo alikimaliza mchana mmoja, akarudi kutaka kingine, na kingine, mpaka akawa huyu anayetubandikia "kila mtu" mlangoni. Angepokelewa na Hamsini siku ile, asingekanyaga humu tena.

Bi Nélida ameniomba nisiyaandike haya. "Mwache, alikuwa mtoto." Kwa mara ya kwanza nimemkatalia. Alikuwa mtoto, ndiyo. Watoto wa umri ule bado wanaingia kwa mlango uleule.

Bi Nélida, tunakushukuru. Tunakutakia usingizi mtamu wa mchana, ule ambao wewe ulitunyima sisi sote kwa miaka thelathini na minne, nasi tukafurahia kunyimwa.

Nanyi wajumbe saba wa kamati, mnaokutana Alhamisi: pigeni kura rafu ibaki ilipo, na vikaratasi vyake vyote. Na wewe Anselmo, chini ya maneno yako hakuna mstari wa pili. Kiazime kitabu hicho. Anzia ukurasa wa 13.