Kifungo cha Mkono wa Kushoto

Sikukusudia kusikiliza, ila dobi aliyekaa mbele yangu ndani ya basi alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. "Nilipofua shati la kijani la mchumba wako, nilikata kifungo cha mkono wa kushoto makusudi," alimwambia binti aliyekaa naye. "Kikirudi kwa uzi wa kijani, ana mke."

Nimezunguka miji mingi, sijaona mpelelezi wa beseni.

"Shangazi! Si anaweza kujishonea?"

"Mwanamume? Huyo hushona kwa uzi wowote aliouokota."

"Harusi ni Jumamosi," binti akasema.

Basi likasimama. Mchumba alikuwa kituoni ndani ya shati lile, akipunga mkono wa kushoto. Kifungo kilikuwepo. Tukajibana dirishani wote watatu kuutafuta uzi, naye akadhani tunamshangilia, akazidi kupunga.