Pumzi ya Katikati

Muuguzi aliyetoka zamu alijifanya amelala huku masikio kayatega. Mbele yake kwenye treni, binti mpiga saksafoni alikuwa akimsikilizisha mzee asiyemjua, kwa spika ya simu, albamu yake ya kuwaenzi wakongwe wa ala hiyo. "Hapa katikati unahema kama mgonjwa," mzee alisema. "Iondoe hiyo pumzi, mwanangu."

"Mkongwe aliyeutunga wimbo huu alikuwa na pumu, baba. Siku zote alihemea hapo hapo."

"Lakini wewe kifua chako kizima!"

"Ndiyo maana imenibidi nijifunze." Muuguzi, mzoefu wa vifua, alikiri moyoni kwamba pumu ile ya kuigiza ilisikika pumu kweli.

"Watu watadhani hujui kupiga."

"Waache wadhani. Siikati ng'o!"

Treni ikasimama, binti akashuka na saksafoni yake mgongoni. Mzee akasonya, kisha akaanza kuupiga mluzi wimbo uleule, na alipofika katikati, akahema.