Athanasi Mayunga Mboje na Mzinga wa Bukundi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Salu, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yetu hapa wangependa niyaruke.

Marehemu Athanasi Mayunga Mboje alizaliwa hapa Bukundi tarehe 14 Agosti 1961. Alisoma shule ya msingi hapa hapa huku akichunga ng'ombe wa baba yake kwa zamu na ndugu zake. Baadaye alijiunga na sekondari Shinyanga, na mwaka 1982 akaenda Kigoma kusomea hali ya hewa. Aliajiriwa mwaka 1984, akahudumu Tabora, Mwanza na Bariadi.

Tarehe 24 Oktoba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, Domitila, kanisani Bariadi. Wiki nzima alikuwa akiwahakikishia wageni kwamba mvua haipo. Ikanyesha mpaka masufuria ya pilau yakakimbiziwa ndani ya kanisa. Mama alimtania kwa hilo miaka yote, naye alicheka kila mara.

Alistaafu mwaka 2016 akarudi nyumbani kulima. Mwaka 2019 walikuja watafiti, wakamchukua awe msimamizi wa mzinga wao. Naomba niueleze mzinga huo, maana umesemwa sana. Ulielekezwa juu wima, ukarusha kopo jembamba la chuma hadi kilomita tisini angani. Huko kopo lilitoa moshi mweupe, upepo ukauvuta, na kamera za hapa na za kule kijijini Sola zikaupiga picha. Kwa kuangalia moshi umesogea wapi, walijua upepo wa juu unakwenda upande gani na kwa kasi gani. Mawingu ya mvua yako chini mno ya hapo. Ila kukiwa na mawingu kamera hazioni kitu, kwa hiyo walipiga jioni zile tu ambazo mbingu zimetakata.

Msimu wa 2021 mvua iligoma, pamba ikakauka ingali changa. Baba aliitwa kwenye mkutano wa sungusungu. Kiongozi wao, Mzee Mayala, akamuuliza, "Ng'wana Mboje, siku mzinga umelia, mvua iliwahi kunyesha?"

"Hapana, mzee."

"Mmewahi kupiga siku yenye mawingu?"

"Hapana. Huwa tunasubiri yaondoke."

"Basi. Umejibu mwenyewe."

Alijaribu kueleza kwamba mzinga husubiri mawingu yaondoke yenyewe, hauyafukuzi, wakamzomea. Watafiti walifungasha wakaondoka. Yeye hakuwa na pa kwenda. Alitengwa: asisalimiwe, asipewe moto wala maji, na akifa asichimbiwe kaburi, mpaka atoe ng'ombe wa kuomba radhi. Ng'ombe alikuwa nao. Alikataa. Alituambia, "Nikimtoa, nimekubali kwamba nilifukuza mvua. Nitakubalije uongo?" Nilimbembeleza, nikamkasirikia, hakutetereka.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Bariadi na baadaye Mwanza. Kila aliporudi nyumbani alikaa mlangoni akiwasalimia wapita njia, "Mwadila," nao wakapita kimya. Hilo lilimwumiza kuliko sindano. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Jumanne hapakuwa na mtu wa kushika jembe achimbe kaburi. Tulipoanza kubishana kama tutoe ng'ombe wa radhi, mama alifungua zizi, akamtoa ng'ombe mmoja na kumpeleka mwenyewe kwa Mzee Mayala. Nilimlilia kwamba anamsaliti baba. Alinijibu, "Ng'wanawane, yeye alikataa akiwa hai. Mwenye maiti ndani ni mimi." Ndiyo maana leo mmejaa hapa, na kaburi limechimbwa vizuri, kando ya wazazi wake. Tunawashukuru kwa kaburi. Lakini ng'ombe yule ni wa mama, amemtoa ili kuukomboa msiba wake kutoka mikononi mwenu. Si neno la baba. Neno lake mlilisikia kwenye mkutano.

Marehemu ameacha mjane, Domitila, watoto watatu, Salu, Danford na Lucy, wajukuu watano, na dada yake, Benedikta.

Mungu ampokee baba yetu na kumpa pumziko la amani. Mvua hakuifukuza.