Panya wa Ukuta wa Jikoni

Hiyo sumu ya panya mliyonunua asubuhi mmeshaiweka, au bado? Kama bado, ileteni hapa kitandani niilalie mwenyewe, na kama mmeshaiweka, kitindamimba, kimbia ukaizoe yote, maneno yangu yatakusubiri.

Haya. Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wiki nzima nimelala kwenye dirisha hili nikiutazama ukuta wa jikoni nilioujenga kwa mikono hii, na panya mnayemsaka nimemwona: ana mimba ya miezi mitano, anaangalia huku na huku, anabandua kipande cha udongo, anatafuna, kisha anakuja kuniuliza, "Baba, uji upoe kidogo?" Usijifiche nyuma ya mlango, mkwe wangu, hukuiba kitu. Mama yao alikula kona nzima ya nyumba ya kupanga akiwa na mimba ya huyu mkubwa, nikamtania kwamba mwenye nyumba atatudai na ukuta, mpaka homa ikamwangusha, na nesi akaniambia ana malaria, damu imepungua, madini ya chuma hana, ndiyo maana anatamani udongo, na udongo wenyewe haumwongezei kitu.

Nyumba ni yenu wawili, na ugomvi wenu wa chumba cha mbele uishe sasa: ni cha mjamzito. Mwiko na pimamaji vyangu vya uashi achukue kitindamimba, digrii yake ikipata kazi atavirudisha. Chandarua hiki kishusheni, mkamfungie yeye. Mbu wakija kwangu watakula hasara. Nyama mnayonichemshia mpeni yeye, na vidonge vya damu vikipatikana asivimeze na chai.

Niinueni kidogo. Mkwe wangu, nipe mkono... Mnaona? Una moto kuliko wangu, na mgonjwa ndiye mimi. Mungu akupe mtoto wa kelele nyingi, ajaze nyumba hii. Nanyi wawili awaweke pamoja.

Mkubwa, mimba ni yako. Mpeleke zahanati leo hii. Nikiondoka mkiwa njiani, mazishi yatasubiri. Mara mbili wamemrudisha, vipimo hakuna, vidonge hakuna. Safari hii msitoke. Muulizeni msimamizi wa pale, mbele ya foleni yote ya wajawazito: dawa za hawa ziko wapi, na zinafika lini? Asiwape pole. Atoe tarehe.