Atakayekaa Sikioni kwa Fundi

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usitukatie upepo. Mwenye neno alimeze kwanza, maana leo nasimulia habari ya masikio.

Enzi hizo nilikuwa nachemsha kahawa pale konani, kando ya duka la dobi. Benchi lilikuwa moja, mguu wake wa nne ni tofali. Juu yake walikaa Rubani, aliyepanda ndege mara moja tu maishani na hajashuka mpaka leo. Waziri, ambaye koti halimtoki hata jua likichoma. Na Mapovu, dobi mwenyewe, pasi inapoa ndani yeye anabishana nje. Mbele yao, kwenye kimeza chake, alizoea kuketi Fundi Saa, kioo jichoni. Asubuhi ile kimeza kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Fundi alikuwa na uvimbe kichwani, na mkwe wake, mke wa mwanawe, alituletea habari kutoka hospitali ya ng'ambo, kule wanakotibu ubongo tu.

— Shikamooni, wazee. Wamekubali kumpasua baba. Ila uvimbe umekaa jirani na mahali pa maneno. Watamwamsha katikati, azungumze huku wanakata.

— Azungumze kichwa kiko wazi? Rubani kahawa ikampalia.

— Wanasema ubongo wenyewe hausikii maumivu. Wanataka aende na mtu wake, akae sikioni. Mkalimani wao anaijua lugha, ila hamjui baba. Maneno yakianza kuharibika, huyo mtu ainue mkono, daktari azuie kisu. Asipotambua, baba atarudi bubu. Mimi nina kichanga, siwezi kusafiri. Nani ataenda?

— Mimi! Rubani akadakia. Ndege naijua.

— Ulitapika njia nzima, umetuambia mwenyewe, akasema Mapovu.

— Mficha uchi hazai! Rubani akajibu.

— Tulieni, Waziri akavuta koti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa kule watamnyoa kwanza. Akishanyolewa atazungumza kwa akili ipi?

— Na wewe mwenye upara unazungumza kwa ipi? akauliza Mapovu.

— Nisikilizeni! akasema Rubani. Fuvu likifunguliwa, siri zinapanda kama mvuke wa birika. Ndiyo maana wanataka mtu wa kwake. Azidake.

— Siyo siri, ni maneno, akasema Waziri. Wanayatoa yote, wanayapanga kwenye sinia, wakimaliza wanayarudisha. Na wagonjwa kule wanatoka kila pembe ya dunia. Masinia yakipishana, Fundi atarudi hapa anakohoa kwa lugha ya watu!

Mapovu akapiga paja.

— Kama nguo! Ndiyo maana mimi naweka uzi mwekundu kwenye kola. Fundi naye tumtie alama.

— Umeona? Mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Rubani.

Nikamwambia: — Baba wee, anayetaka kupona safari hii ni mgeni.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mpita njia, saa yake imesimama, kaifunga kwenye leso, anamsubiri Fundi.

— Samahani, akasema. Huyo fundi wenu, huwa anazungumzaje?



— Huwa anacheka nikisimulia ndege, akasema Rubani.

— Anatikisa kichwa, akasema Waziri. Anatikisa vizuri sana.

— Nauliza maneno yake.

Miaka yote ile hakuna aliyemwacha afike mwisho wa jambo. Mapovu ndiye aliyeweka kikombe chini wa kwanza.

— Mkwe, kamlete mzee.

Fundi akaja ameshikwa mkono. Akafunua kitambaa, akapokea saa ya yule mama, akainama.

— Mgeni amechoka, akasema. Ana vumbi kifuani. Atalala hapa na Mkunga.

Akaendelea, na safari hii hakuna aliyemkata. Mkunga anakimbia mno usiku. Mwalimu hachelewi ila siku za mvua. Tukashangaa: mtu huyu hakuwahi kuiita saa saa. Kila moja aliiita kwa jina la mwenye saa. Birika likakauka, na hakuna aliyedai kahawa.

Akasafiri naye Mapovu. Aliporudi alitusimulia kile chumba cha baridi, shuka limekingwa baina ya uso wa Fundi na madaktari. Fundi akasema Mkunga anakimbia usiku. Mkalimani akashtuka, akadhani kaanza kuweweseka.

— Mwache, huyo mzima, Mapovu akamwambia.

Kisha Fundi akasema, polepole, maneno yamenyooka: "Ile saa imesimama."

Mkalimani akatabasamu. Mapovu akainua mkono.

Kisu kikatulia.

— Ya nani, Fundi?

Kimya.

— Ya nani, ndugu yangu?

— Ya... Mgeni. Mgeni amesimama.

Kipande kile cha uvimbe hawakukigusa tena. Wakakata kwingine, wakamfunga.

Fundi alikaa nasi miaka, akizungumza, nasi tukimngoja amalize. Alipotutoka, kimeza alirithi mkwe wake. Kioo cha jicho alipewa Waziri, anasomea gazeti. Mapovu alirithi Mkunga, saa ambayo mwenyewe hakuidai, na hadi leo anamkemea kwa kukimbia. Rubani hakuachiwa kitu, lakini tangu hapo mtu akizungumza yeye humwacha afike mwisho, nasi tukasema huo ndio urithi wake.

Mimi nilirithi Mgeni. Yule mama hakurudi kumchukua. Yumo humu kwenye pindo la kanga yangu, anatembea sawasawa. Haya, nyamazeni mumsikie.